Muuguzi hafunzwi lugha njema kwa kufokewa

Kila malalamishi yanapozuka kuhusu ulimi wa wauguzi katika hospitali zetu za umma, wakubwa hukimbilia kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba wauguzi wa siku hizi hawana wito. Ya pili ni kwamba waliohusika watachukuliwa hatua kali za nidhamu. Baada ya hapo waandishi wa habari hufunga madaftari yao, mgonjwa aliyetukanwa hurudi nyumbani na uchungu wake, nayo wadi huendelea kama ilivyokuwa. Maoni yangu ni kwamba kauli zote mbili hulikwepa swali lililo muhimu zaidi: je, muuguzi huyo alifunzwa na nani kuzungumza na mgonjwa, na alifunzwaje?

Nauliza hivyo kwa sababu kazi nyingine za uuguzi hazifunzwi kwa kubahatisha. Mwanafunzi hatarajiwi kumdunga mtoto sindano kabla ya kuonyeshwa namna ya kuishika, akajaribu mara kadhaa kwenye sanamu ya mazoezi, kisha akasimamiwa na mkufunzi anapomkaribia mgonjwa wake wa kwanza. Akiielekeza sindano visivyo, mkono wa mkufunzi humzuia papo hapo. Akisahau kunawa, huambiwa. Lakini mwanafunzi huyo huyo hutumwa peke yake kumuuliza mzee wa umri wa babake habari za maradhi ya zinaa, au kumweleza mama kwa nini mtoto wake hajaruhusiwa kwenda nyumbani, bila mtu yeyote kumsikiliza na kumwambia amesemaje.

Mawasiliano yamo katika silabasi, hilo silikatai. Somo hufunzwa darasani, huandikwa ubaoni na huulizwa katika mtihani: taja vizuizi vitano vya mawasiliano. Mwanafunzi huvitaja vyote vitano, akapata alama zake, kisha akaenda wadini kuvitenda. Kujua jina la kosa na kuacha kulitenda ni mambo mawili tofauti, na umbali uliopo baina yake hauvukwi kwa kukariri.

Wala hili si jambo dogo. Mwaka 2007 chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, kikishirikiana na shirika la Center for Reproductive Rights, kilichapisha ripoti iliyosimulia jinsi wanawake walivyotusiwa, walivyodharauliwa na walivyopuuzwa katika vituo vya afya humu nchini. Utafiti uliofanywa katika vituo 13, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya kila watano waliohojiwa alisema alitendewa visivyo alipokwenda kujifungua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamua kwamba haki za mama mmoja zilikiukwa. Mama huyo alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, kisha akafokewa na kupigwa na wale waliopaswa kumpokea. Mahakama iliamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Fedha hizo ni nyingi, lakini hakuna mkunga hata mmoja aliyejifunza kusema vyema kwa sababu ya amri hiyo.

Ni haki pia niwatetee wauguzi kabla ya kuendelea. Serikali ilipofuta ada za kujifungua katika hospitali za umma mwezi wa Juni 2013, ilifanya jambo jema, lakini idadi ya wakunga haikuongezeka kwa kasi iliyolingana na ile ya akina mama waliomiminika. Mwaka 2017 wauguzi wa umma walikaa nje ya kazi kwa takriban miezi mitano wakidai mkataba wa malipo. Mtu anayewahudumia wagonjwa thelathini usiku kucha, huku glavu zikiwa haba na mashuka yakiwa pungufu, hawezi kulaumiwa kana kwamba ameketi kivulini akinywa chai. Uchovu huharibu ulimi wa mtu yeyote, awe muuguzi, mwalimu au mhubiri. Hata hivyo, uchovu hauelezi kila kitu, maana katika wadi hiyo hiyo, usiku huo huo, mtamwona muuguzi mwingine aliyechoka vile vile ambaye wagonjwa humwita mama. Tofauti yao haiko katika mshahara.

Wengi husema kwamba tofauti hiyo ni ya kuzaliwa: mmoja alijaliwa upole, mwingine hakujaliwa. Naipinga kauli hii kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ndiyo inayowapa wakufunzi wetu ruhusa ya kukaa bure. Upole wa moyo huenda ukawa kipaji, lakini kumuuliza mgonjwa swali atakaloweza kulijibu, kunyamaza ili amalize, kumweleza dawa zake kwa maneno anayoyaelewa, na kumkataza jambo bila kumwaibisha, hizo ni stadi. Florence Nightingale mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uuguzi, alitenga sura nzima kuwakemea watu wanaomchosha mgonjwa kwa matumaini ya uongo na ushauri usio na msingi. Mwaka 1952 muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, aliandika kitabu kizima kueleza kwamba uhusiano baina ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Basi taaluma hii imejua tangu zamani kwamba kusema ni kazi. Na kazi hufunzwa.

Hufunzwaje? Wahenga walisema nyani haoni kundule. Hakuna binadamu anayejisikia anavyosikika masikioni mwa wengine. Mwanafunzi hudhani amezungumza kwa heshima kwa kuwa nia yake ilikuwa ya heshima. Huona amefafanua kwa kuwa yeye mwenyewe ameelewa. Ni lazima awepo mtu wa kumshikia kioo: amsikilize akizungumza na mgonjwa, kisha amrudishie habari za alichosema na jinsi kilivyopokewa. Wataalamu wa elimu huita jambo hili mrejesho. Mwaka 1983 daktari Jack Ende wa Marekani, akiandika kuhusu mafunzo ya madaktari wadini, alionya kwamba bila mrejesho makosa hayasahihishwi na mazuri hayapati kuimarishwa. Mwanafunzi hubaki akikisia. Anaweza kufuzu, akaajiriwa na kufikia umri wa kustaafu akirudia kosa lile lile ambalo hakuna aliyewahi kumwambia.

Hapa nitapingwa mara moja. Nitaambiwa kwamba wanafunzi wa uuguzi nchini hawakosi kuambiwa makosa yao, na kwamba kama kuna kitu kisichoadimika katika wadi zetu ni karipio. Ni kweli, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Niliwahi kushinda siku kadhaa kando ya kitanda cha jamaa yangu katika hospitali moja ya umma. Asubuhi moja mwanafunzi wa kike alikuwa akimweleza mgonjwa jirani habari za dawa zake za presha. Alizungumza kwa haraka, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili, macho yake yakiwa kwenye faili. Muuguzi mkuu alipita, akasikia, akasimama katikati ya wadi na kupaza sauti: "Wewe, hujui hata kuongea na mtu? Huko chuoni mnafunzwa nini?" Wadi nzima ilinyamaza. Msichana yule aliinamisha kichwa. Hakuambiwa kosa lake lilikuwa haraka, au Kiingereza, au macho yaliyong'ang'ania faili. Aliambiwa tu kwamba yeye ni mtu asiyejua. Mchana nilimsikia akimjibu nyanya mmoja aliyemwomba maji: "Wewe, huoni nina kazi?" Sauti ilikuwa yake, lakini nilijua maneno hayo yalikotoka.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Anavyosemeshwa mwanafunzi ndivyo atakavyomsemesha mgonjwa. Anayekaripiwa hadharani hujifunza kwamba aliye juu humkaripia aliye chini hadharani, na katika wadi kuna mmoja tu aliye chini ya mwanafunzi, naye amelala kitandani. Tunaweza kumfunza vizuizi vya mawasiliano kwa miaka mitatu darasani, lakini somo atakalolishika ni lile analotendewa.

Isitoshe, karipio halifanyi hata kazi ile tunayodhani linafanya. Mwaka 1996 watafiti wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa kwa miongo kadhaa kuhusu athari za mrejesho. Waligundua kwamba kwa wastani mrejesho husaidia, lakini katika zaidi ya thuluthi moja ya matokeo hayo watu walifanya vibaya zaidi baada ya kuupata. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyomfanya mtu aifikirie nafsi yake badala ya kazi iliyo mbele yake. Mwanafunzi anayeambiwa "hujui kuongea na mtu" hafikirii tena dawa za presha. Hufikiria fedheha yake, na jinsi ya kumkwepa muuguzi mkuu kesho.

Sasa nieleze ninachokitaka, nisije nikadhaniwa napigania wanafunzi wadekezwe. Tuchukue jambo linaloweza kutokea siku yoyote. Mama amemleta mtoto anayeharisha. Mwanafunzi anampa pakiti za chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki, anamweleza kwa dakika mbili, kisha anauliza: "Mama, umeelewa?" Mama anaitikia: "Ndiyo." Mwanafunzi anaandika katika faili kwamba mama ameelimishwa, na wote wawili wanaachana kwa amani.

Mkufunzi aliyekuwa amesimama kando anaweza kumwambia, "Umeeleza vibaya." Au anaweza kumvuta pembeni na kumuuliza: "Wewe mwenyewe unaonaje mazungumzo yale?" Mwanafunzi atasema labda kwamba alieleza yote. Mkufunzi atakubali lililo zuri: "Uliketi ukawa sawa na mama, ukamwita kwa heshima, na mtoto akaacha kukuogopa. Endelea hivyo." Kisha ataleta lililobaki: "Ulipouliza kama ameelewa, alisema ndiyo, lakini macho yake yalikuwa yakigeuzageuza pakiti. Unafikiri ndiyo ile ilimaanisha nini?" Mwanafunzi mwenye akili atagundua mwenyewe kwamba kwetu ndiyo ni adabu. Mama hawezi kumwambia mtu aliyevaa sare kwamba hakuelewa, kwani atahisi amemvunjia heshima au amejiaibisha. Basi mkufunzi atauliza: "Ungeuliza vipi ili upate jibu la kweli?" Na baada ya kushauriana mwanafunzi atarudi kwa mama yule yule na kusema: "Mama, hebu nieleze utakavyomchanganyia mtoto ukifika nyumbani, nijue kama mimi nimekueleza vizuri." Hapo ndipo itakapobainika kwamba mama alikusudia kuchanganya pakiti nzima katika kikombe kimoja cha chai, na kuacha zinki kuharisha kutakapokoma, ilhali inapasa kumezwa kwa siku 10 hadi 14.

Mambo hayo yote yangechukua dakika tano. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyesifiwa bure, na mtoto amepona hatari. Aidha, mwanafunzi amejifunza jambo ambalo hatalisahau, kwa sababu aliliona likifanya kazi mbele ya macho yake.

Mrejesho wa namna hii una masharti yasiyo magumu. Uje mapema, maneno yakiwa bado yanasikika, si mwisho wa muhula. Uelekezwe kwenye neno lililosemwa au tendo lililotendwa, si kwenye tabia ya mtu wala kabila lake wala shule aliyotoka. Utolewe faraghani. Mwanafunzi apewe nafasi ya kujipima kwanza, na mazuri yatajwe kabla ya mapungufu, kama alivyopendekeza David Pendleton na wenzake wa Uingereza mwaka 1984 walipoandika kuhusu mazungumzo ya daktari na mgonjwa. Mwisho, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, umalizikie katika kujaribu tena. Mrejesho usiompa mwanafunzi nafasi ya kurudia ni hukumu tu.

Kuna tatizo jingine ambalo nchi yetu hulifumbia macho, nalo ni lugha yenyewe. Muuguzi wa Kenya hufunzwa kwa Kiingereza na hutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hutumwa kuwahudumia watu ambao wengi wao huugua kwa Kiswahili au kwa lugha za mama zao. Kipengele cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama yake, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Sheria hiyo ni nzuri sana. Lakini nani amemfunza mwanafunzi kuitekeleza?

Chukulia saa. Muuguzi aliyezoea Kiingereza huandika 8 juu ya bahasha ya dawa akikusudia saa mbili asubuhi. Mgonjwa anayehesabu saa kwa Kiswahili huisoma saa nane, na kidonge cha asubuhi kikaliwa mchana. Chukulia neno kutwa. Kwa aliyeandika "kutwa mara tatu", maana ni mara tatu katika saa 24. Kwa anayejua Kiswahili chake, kutwa ni tangu kucha hadi kuchwa, kwa hiyo humeza vidonge vyote vitatu kabla ya jua kuzama na kulala usiku kucha bila dawa. Alama ya 1×3 nayo humwambia mengi aliyesoma famasia, na machache nyanya asiyejua kusoma. Mambo kama haya hayamo katika vitabu vilivyoandikwa London au New York. Yanaweza kugunduliwa na kusahihishwa na mtu mmoja tu, yule aliyesimama kando akisikiliza mwanafunzi akizungumza na mgonjwa wa hapa.

Vivyo hivyo adabu. Kuna namna ya Kiswahili ya kumuuliza mtu mzima habari za haja kubwa na haja ndogo, na kuna namna ya kumvunjia heshima. Kuna tofauti baina ya kumwambia mwanamke "vua" na kumwambia "naomba unipe nafasi nikuangalie, mama". Kuna tofauti kubwa zaidi baina ya kumwita mtu kwa jina lake na kumwita "wewe wa kitanda cha saba". Mwanafunzi aliyekulia mjini akizungumza sheng na rika zake hajui tofauti hizi kwa kuzaliwa, na si kosa lake. Aambiwe, lakini aambiwe kwa adabu ile ile tunayotaka aitumie.

La kushangaza ni kwamba vijana wetu hujiandaa kwa bidii kuzungumza vyema na wagonjwa wa nchi nyingine. Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba kuhusu wahudumu wa afya mwezi wa Julai 2021, na muuguzi wetu anayetaka kwenda huko hana budi kuthibitisha kwamba Kiingereza chake kinatosha. Mojawapo ya mitihani inayokubaliwa huitwa OET. Katika sehemu ya kuzungumza, mtahiniwa huigiza mazungumzo mawili, kila moja la dakika kama tano, na mtu anayechukua nafasi ya mgonjwa au jamaa yake. Tangu mwaka 2018 alama hazitolewi kwa matamshi na sarufi peke yake. Hutolewa pia kwa jinsi mtahiniwa anavyojenga uhusiano, anavyotambua mtazamo wa mgonjwa, anavyouliza na anavyoeleza. Wanaojiandaa hufanya mazoezi, husikilizwa, husahihishwa na kurudia, usiku baada ya usiku.

Nauliza basi: je, mzee wa London anastahili muuguzi aliyepimwa jinsi anavyosikiliza, na mzee wa Kitui au Kwale astahili yeyote atakayepatikana? Kama uwezo wa kuzungumza na mgonjwa unaweza kufanyiwa mazoezi na kutahiniwa kwa ajili ya wageni, unaweza kufanyiwa mazoezi na kutahiniwa kwa ajili ya mama zetu, tena kwa Kiswahili.

Hatuhitaji mitambo ya kigeni kwa kazi hii. Mwaka 1963 daktari Howard Barrows alianza kutumia wagonjwa wa kuigiza huko Los Angeles, yaani watu wazima wenye afya waliofunzwa kujifanya wagonjwa ili wanafunzi wafanye mazoezi bila kumdhuru mtu. Nchini mwetu hawakosekani watu wa kuifanya kazi hiyo. Wapo walimu waliostaafu, wapo akina mama wa vikundi vya makanisa na misikiti, na wapo wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 waliozinduliwa na serikali mwaka 2023, ambao huingia nyumba za wanavijiji na huyajua malalamiko yao. Mtu wa aina hiyo akiketi darasani kwa saa moja, akaigiza mama aliyefichwa habari za ugonjwa wake, kisha akamwambia mwanafunzi, "Mwanangu, uliponigeuzia mgongo niliogopa kukuuliza," mwanafunzi atakuwa amepata somo ambalo hakuna kitabu kingempa.

Na wagonjwa wenyewe waulizwe. Masanduku ya maoni yaliyotundikwa kwenye kuta za hospitali zetu hujaa vumbi, na hata barua ikitumbukizwa humo, haimfikii mwanafunzi aliyesababisha iandikwe. Mkufunzi anaweza kumwendea mgonjwa mmoja au wawili baada ya zamu na kuwauliza, bila kuwatisha, ni lipi lililowafariji na lipi lililowatia wasiwasi katika maneno waliyoambiwa siku hiyo. Majibu yapelekwe kwa mwanafunzi pasipo kutaja jina, na yasiingie katika faili ya nidhamu. Mgonjwa akijua kwamba neno lake litatumiwa kumfukuza kijana wa watu, atanyamaza. Mwanafunzi naye akijua kwamba kila mrejesho ni alama ya kufeli, atajifunza kuficha.

Nitaambiwa hakuna wakati. Muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa thelathini, atapata wapi nafasi ya kumsikiliza mwanafunzi? Nakubali kwamba uhaba wa wauguzi ni wa kweli na lazima serikali za kaunti uutatue kwa kuajiri. Lakini wakati wa kukaripia hupatikana kila siku, na karipio halichukui muda mfupi kuliko sentensi mbili za kweli zilizosemwa kando. Fauka ya hayo, mama aliyeelezwa vibaya hurudi na mtoto aliyezidiwa, na mzee asiyeelewa dawa zake za presha hurudishwa akiwa amepooza. Muda ambao hatukuutumia kusema vizuri tutaulipa kwa riba.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kazi hii haina mwenyewe. Vyuo vya KMTC, ambavyo sasa vina matawi zaidi ya 70, viko chini ya serikali kuu. Hospitali nyingi ambamo wanafunzi hupelekwa kwa mazoezi ziko chini ya kaunti tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013. Mkufunzi wa chuo huja wadini mara moja moja. Muuguzi wa wadi, anayeshinda na mwanafunzi kutwa, hutakiwa kutia sahihi katika daftari lake la mazoezi, lakini hakuajiriwa kufunza, hakufunzwa kufunza, na halipwi kwa kufunza. Baina ya wawili hao mwanafunzi hujilea mwenyewe.

Ndiyo maana napendekeza mambo manne, na nayaelekeza kwa Baraza la Wauguzi, kwa wakuu wa vyuo na kwa mawaziri wa afya wa kaunti. Kwanza, daftari la mazoezi la kila mwanafunzi liwe na ukurasa wa mazungumzo, kama lilivyo na ukurasa wa sindano na wa kufunga vidonda. Kila juma aandikiwe humo mazungumzo mamoja yaliyosikilizwa, jambo moja alilofanya vyema, na jambo moja la kujaribu juma litakalofuata. Pili, wauguzi wa wadi wanaopokea wanafunzi wapewe mafunzo ya kutoa mrejesho, na kazi hiyo itambuliwe wanapopandishwa vyeo. Tatu, mtihani wa vitendo uwe na sehemu ya kuzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili. Nne, iwe ni marufuku kumkaripia mwanafunzi mbele ya wagonjwa, isipokuwa pale tu ambapo sauti inahitajika kuzuia hatari ya papo kwa papo.

Pendekezo la mwisho huenda likawachekesha baadhi ya wazee wa taaluma hii, ambao wao wenyewe walilelewa kwa ukali na wanaamini kwamba ndio uliowafanya wauguzi hodari. Siwabishii uhodari wao. Ninachowaomba ni wakumbuke ni wenzao wangapi walioacha kuuliza maswali kwa hofu, na ni wagonjwa wangapi walioishi na matokeo ya maswali ambayo hayakuulizwa. Ukali unaweza kumfunza mtu kukunja shuka pembe nne sawasawa. Hauwezi kumfunza kumsikiliza mwenzake.

Vyuo vyetu hupokea wanafunzi wapya kila mwaka. Wengi wao ni vijana waliotoka sekondari juzi, wenye hamu ya kazi na woga wa wadi. Kabla hawajafundishwa jina la mfupa hata mmoja watakuwa tayari wanasikiliza jinsi wakubwa wao wanavyozungumza. Kama wizara na kaunti zinataka wauguzi wenye lugha njema, zisiwatafute katika mahojiano ya kazi miaka mitatu baadaye. Zianze na mkufunzi atakayewapokea mlangoni, na neno la kwanza atakalowaambia watakapokosea.